Mimi Nilituma Tu

Leo sitaongea juu ya bunduki. Nataka tuongee juu ya kompyuta, ambayo huku kwetu tunaiita ordinateri.

Najua wengine mtacheka. Mtasema, kompyuta ni ya wakubwa, iko katika ofisi ya kambi, sisi tunatafuta muhogo na ndagala. Ngoja kidogo. Simu ile ya kioo iliyo mfukoni mwako ni kompyuta. Inaandika, inahesabu, inakumbuka, inanakili. Na kama huna simu ya namna hiyo, basi unamjua yule kijana wa sokoni mwenye paneli ya jua juu ya mabati na ordinateri juu ya meza, ambaye anachaji simu za watu na kuweka miziki katika kadi za memori kwa franka chache. Kwake ndiko nitaanzia.

Siku moja ya soko nilikwenda kuchaji. Mbele yangu walikuwa vijana watatu. Wa kwanza alitaka nyimbo. Wa pili alitaka filamu ya ngumi. Wa tatu akainama, akapunguza sauti, akasema: "Nipe ile ya yule waliyemuua." Mwenye meza hakuuliza ni ipi wala ni ya nini. Alitafuta, akanakili, akapokea pesa. Kazi nzima haikufika muda wa kumenya embe.

Yule mteja alipoondoka nikauliza: "Mwanangu, umempa nini?" Akanijibu bila hasira: "Papa, mimi siyo niliyepiga ile picha. Watu wanaomba, mimi natoa tu."

Sikuiangalia ile video, kwa hiyo sitakuambia ilikuwa ipi. Lakini wewe na mimi tunajua ni video za namna gani zimepita katika simu za huku. Mwezi wa Desemba 2021, pale Lweba, katika teritware yetu hii ya Fizi, kundi la watu lilimshusha ofisa mmoja wa jeshi la taifa kutoka katika gari, likamuua, na mwili wake ukachomwa moto. Alikuwa Munyamulenge. Alikuwa amevaa nguo za jeshi la nchi yetu sote, lakini waliomshusha walitazama kabila lake. Na wakati mambo hayo yanatendeka, kulikuwa na mikono iliyoinua simu. Picha zilitoka Lweba zikafika mahali ambapo hata jina la Lweba halikuwa limesikika bado.

Fikiria mke wa mtu aliyeuawa hivyo, au mtoto wake. Habari ya kifo hawaletewi na mzee wa familia aliyekuja kuketi nao. Inaingia kwa simu, pamoja na vicheko vya wale waliosimama pembeni. Na haiishi. Mwaka unaofuata mtu fulani anaituma tena, mahali pengine, ili kuchochea ugomvi mwingine. Maiti ya mtu inazikwa mara moja, lakini huyu anauawa kila mara kidole kinapobonyeza.

Na kuna upande mwingine. Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu, wote wamepoteza watu na vijiji katika vita ya milima, na kila jumuiya ina picha zake za maiti ambazo vijana wake wanazihifadhi. Kijana anaziangalia usiku, peke yake, mara kumi. Asubuhi anakutana na jirani wa kabila lingine kisimani. Unadhani atamwona jirani?

Sasa turudi kwenye lile neno: mimi natoa tu, mimi nilituma tu. Hilo neno siyo jipya. Katika nchi jirani ya Rwanda, redio inayojulikana kama RTLM ilianza kutangaza mwezi wa Julai 1993, na mwaka 1994 ilitaja majina ya watu wa kuwindwa. Baadaye mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwaweka kizimbani watu watatu, wawili wa ile redio na mmoja wa gazeti. Mwezi wa Desemba 2003 wakahukumiwa. Mwaka 2007 adhabu zao zilipunguzwa katika rufaa, lakini hawakuachiliwa. Ile ilikuwa kesi ya maneno, maneno ya hewani na maneno ya karatasi.

Lakini angalia tofauti. RTLM ilihitaji studio, mnara, mafundi na watu wa kulipa. Wewe unahitaji mega chache tu. Tufanye hesabu ya kitoto. Uko katika kundi la familia, watu 40. Kundi la kwaya, watu 60. Kundi la timu ya mpira, watu 100. Umetuma mara moja kwa makundi yote matatu, tayari ni watu 200. Wakitokea 20 tu kati yao, kila mmoja akaituma kwa watu 100, ni watu 2,000, na wewe bado hujatoka kitandani. Ordinateri haichoki, na haiulizi kama ni kweli. Kuuliza ni kazi yako.

Nitakupa mfano wa mbali kidogo, kwa sababu unafanana sana na uvumi wetu. Kule Karachi, Pakistani, watu walitengeneza filamu fupi ya kufundisha wazazi walinde watoto wao. Ndani yake watu wa pikipiki wanamnyakua mtoto, kisha mwishoni wanamrudisha na kuonyesha kibao cha maelezo. Mtu fulani akakata ule mwisho. Mwaka 2018 kipande kilichobaki kilikuwa kinazunguka India kwa WhatsApp, pamoja na uvumi mwingine, kwamba wezi wa watoto wamefika. Wasafiri wasio na hatia walipigwa mpaka kufa katika vijiji vya India. Kampuni yenyewe ya WhatsApp ikalazimika kupunguza: Januari 2019 iliweka, kwa dunia nzima, kwamba ujumbe mmoja usipitishwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Waliona kwamba mkono wa mtu una haraka kuliko akili yake.

Sasa usinielewe vibaya. Sikuambii utupe simu ziwani. Ninyi ndugu zetu mliotoka Burundi mwaka 2015, mwaka ambao kambi hii ya Lusenda ilifunguliwa, mnajua vizuri. Mwezi wa Mei mwaka ule, baada ya jaribio la kupindua serikali, redio za watu binafsi zilivunjwa na kufungwa kule Bujumbura. Habari zilibaki zinapita katika simu. Wengi mlijua njia salama kwa ajili ya ujumbe mmoja wa ndugu. Na sisi Wakongomani tunakumbuka: tangu 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti karibu siku 20. Uvumi haukukatika, maana uvumi unatembea hata kwa miguu. Kilichokatika ni uwezo wa kuuliza.

Tena kuna picha ambayo ni lazima iwepo. Mwezi wa Septemba 2018, mahakama ya kijeshi hapa Kivu Kusini iliwahukumu wakuu wawili wa kikundi chenye silaha kwa ajili ya mauaji ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje. Kati ya vitu vilivyowekwa mbele ya mahakimu kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu maalum ya simu, inayohifadhi saa na mahali, ili ijulikane kwamba hakuna aliyeibadilisha picha. Simu ni ileile na damu ni ileile. Tofauti ni kwamba picha zile zilipelekwa mahali pa haki, hazikuuzwa sokoni. Kwa hiyo ukipata picha inayoonyesha wauaji, usikimbilie kuifuta. Mpelekee mwanasheria au mtetezi wa haki za binadamu unayemwamini, mkononi, na kwa makundi usiipeleke.

Sheria nayo ipo, ingawa wengi wanadhani simu haina sheria. Tangu 7 Juni 1966 nchi yetu ina amri inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Ile ya 13 Machi 2023, inayoitwa Code du numérique, inamgusa pia anayesambaza chuki au uongo kwa njia ya ordinateri na simu. Na katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Hapo nawagusa ninyi mafundi wa simu. Mama anakuletea simu iliyovunjika kioo, wewe unafungua picha zake, unacheka na wenzako. Hiyo ni kama kuingia chumbani kwake.

Na hapa kambini kuna jambo ambalo tunalifanya bila kufikiri. Unapiga picha mstari wa watu siku ya kugawa msaada, au orodha ya majina iliyobandikwa ukutani, unaiweka hewani useme, angalia maisha yetu. Katika ule mstari kuna mtu aliyekimbia watu wanaomtafuta mpaka leo. Hakukuambia, na siyo lazima akuambie. Wewe umewaonyesha sura yake, na nguo anayovaa, na jina la kambi. Muulize kwanza. Kama hawezi kuulizwa, elekeza simu upande wa ziwa, ziwa halina adui.

Mtaniuliza, basi ujumbe ukiingia tufanye nini? Sisi watu wa Fizi tuna silaha moja nzuri: tunajua nchi yetu. Ukiambiwa kijiji fulani kimechomwa leo, angalia picha polepole. Mlima ule ni wetu? Migomba ile? Nyumba zimeezekwa kama za kule? Watu wanaongea lugha gani? Mara nyingi picha ni ya zamani au ya nchi nyingine. Ukishindwa kujua, mpigie mtu mmoja aliye kule. Inite za dakika moja ni bei ndogo. Na kama hakuna wa kumpigia, uiache ilale kwako.

Nilirudi kwa yule kijana baada ya juma moja. Tulibishana. Aliniambia: "Papa, nikikataa mimi, atakwenda kwa jirani yangu, atapewa." Nikasema: "Aende." Akasema mimi naongea hivyo kwa sababu siyo mimi ninayelipa chakula cha wadogo zake. Alikuwa na haki kusema hivyo, na sikuwa na jibu la haraka. Mwisho akanionyesha kwamba zile video ameziondoa katika ordinateri yake, akaniambia nisimsifu bure, kwa sababu jirani yake bado anaziuza na sasa anapata wateja wawili zaidi.

Halafu akaniuliza swali. "Papa, ile sauti uliyonitumia mwezi uliopita, juu ya ng'ombe walioibwa na vijana wa upande ule, uliihakikisha?"

Nilinyamaza. Ile sauti niliipokea kwa shemeji yangu, mtu mzima, mwenye heshima. Niliipitisha usiku uleule. Kwa ajili yake watu wa mtaa wetu hawakwenda shambani siku mbili, na kijana mmoja mchuuzi asiyehusika alirudishwa njiani kwa matusi. Baadaye ng'ombe walionekana. Walikuwa wamepotea tu. Mimi, ninayekaa mbele ya mikrofoni hii kila juma na kuwaambia ninyi habari za amani, nilituma tu.

Nilifungua simu palepale mezani kwake. Ilikuwa imekwenda kwa makundi matatu. Nikaandika katika kila kundi kwamba habari ile haikuwa kweli, na kwamba ni mimi niliyeipitisha. Makundi mawili yalijibu. La tatu, mpaka leo ninapoongea na wewe, halijajibu, na yule mchuuzi bado sijamwona tena sokoni.