Kihausa: toni nayo huunda neno

Wengi hudhani toni katika Kihausa, lugha ya mamilioni Nigeria na Niger, ni pambo la sauti tu. Ushahidi wakataa. Hanya, yaani njia, huanza juu ikashuka. Katika wingi, hanyoyi, silabi zote hupanda juu. Mota, gari, neno la mkopo, nalo huwa motoci kwa mkondo uleule wa juu. Kiambishi cha wingi huja na toni zake, kikafuta zile za shina. Atasema mtu kwamba kazi imefanywa na kiambishi, toni imefuata tu. Basi tazama kitenzi tashi, inuka: kwa kawaida huanza juu kikashuka, lakini ukiamrisha huanza chini kikapanda. Hakuna herufi iliyoongezwa. Toni peke yake imeunda amri.

Wapo watakaojibu kwamba magazeti ya Kihausa hayaandiki toni, na bado yanasomeka. Ni kweli, kwa kuwa msomaji anayo tayari kichwani. Mwanafunzi mgeni hana. Ndiyo maana kamusi ya Kihausa ya Bargery ya 1934 ilizionyesha toni, na vitabu vingi vya kufundishia wageni leo havithubutu kuziacha. Sarufi isiyo na toni ni nusu ya sarufi.