Baada ya Kisu

Wenzangu tuliopiga deki mabweni haya,

Nimeombwa kuzungumza juu ya afya, ingawa mimi si daktari; kazi yangu ni mafaili. Lakini kaka yangu, aliyesoma hapa pia, aliondolewa mfuko wote wa tumbo mwaka 2019 kwa sababu ya saratani, na faili lake nalitunza mimi.

Upasuaji huu si mgeni. Theodor Billroth alifaulu kukata sehemu ya tumbo mjini Vienna mwaka 1881. Mgonjwa wake alipona kidonda, lakini saratani ikamwua baada ya miezi 4 hivi. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa huitwa kupimwa kila miezi 3 hadi 6 katika miaka ya kwanza, na huendelea kuangaliwa hadi mwaka wa 5 na zaidi.

Lililo gumu ni la nyumbani. Asiye na mfuko wa tumbo hana ghala. Chakula huteremka moja kwa moja utumboni. Akila sahani iliyojaa, au akinywa chai yenye sukari nyingi, moyo humwenda mbio, jasho humtoka, na huweza kuharisha. Kaka hula kidogo kidogo, mara 6 kwa siku. Sasa mweleze hayo mwenyeji aliyekwisha kuchinja kuku! Mama mkwe wake alinuna wiki nzima akidhani kadharauliwa. Kwa hiyo leo akiacha pilau baada ya vijiko vichache, tafadhali msimlazimishe.

Jambo la pili hujificha. Tumbo hutoa kitu kinachouwezesha mwili kupokea vitamini B12. Likiondolewa lote, vitamini hiyo haipokelewi vya kutosha. Akiba iliyomo katika ini huweza kudumu miaka kadhaa, basi hatari huja wakati ndugu wamekwisha kusahau: damu hupungua, miguu hufa ganzi, na mishipa ya fahamu ikiharibika sana huenda isipone. Kaka hudungwa sindano kila miezi 3, maisha yake yote. Alipohamia mji mwingine, muuguzi alimwuliza, “Sindano ya nini, nawe huumwi?” Karatasi ya upasuaji ndiyo iliyojibu.

Wanafunzi, mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani aitafute karatasi hiyo, aisome, na tarehe za sindano azibandike ukutani. Ya kaka inayofuata ni tarehe 14 mwezi ujao. Ruhusa ya kazini nimekwisha kuiomba.