Dume wa Kikundi
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Rukanga)

 

Leo tuzungumze juu ya dume, na nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha akina mama kilichanga pesa kidogo kidogo mpaka zikatosha kununua dume. Wakaniuliza, dada, tununue yupi? Nikawaambia wachukue wa gredi mwenye damu nyingi ya Ulaya, kwa sababu nilimwona ni mkubwa na mgongo wake ni mpana. Basi jua likipanda, dume yule alikuwa anasimama chini ya mti akihema, na wale wetu wa kienyeji wanaendelea kula. Kupe wakamjaa. Kiangazi kilipokaza hakukimaliza. Akiba ya akina mama ikaenda hivyo. Hawakunilaumu, lakini mimi mwenyewe najua.

Tangu siku hiyo, nikitaka kumjua dume sianzi kwa kumtazama ukubwa. Nauliza kwanza: huyu ataishi hapa?

Hapa chini ya mlima Kasigau ni nchi ya joto, maji ni ya shida, na tumepakana na pori lenye mbung'o. Ng'ombe wetu mwenye nundu ana ngozi iliyolegea na manyoya mafupi, kwa hiyo hupoza mwili vizuri na kula mchana. Pia kupe hawamwangushi upesi. Msimdharau. Kasoro yake ni moja: mwili ni mdogo, na mchuuzi wa Maungu hulipa kulingana na mwili.

Dawa ya kasoro hiyo tunayo hapa Kenya, naye ni Borani. Asili yake ni kwa Waborana, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa nchi yetu. Wafugaji wa ranchi za Laikipia walimchagua kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1951 wakaunda chama chao cha kutunza uzao huo. Ni mwenye nundu kama wetu, lakini ana mwili zaidi, hasa mapaja na kiuno, ambako nyama ya bei iko. Tena ndama wake huzaliwa mdogo, kwa hiyo mama hateseki sana kuzaa.

Hata Borani si wote sawa. Miaka ya 1980, katika ranchi ya Galana, ng'ambo ya Tsavo, watafiti waliwalinganisha Borani wa Waorma wa Mto Tana na wale walioboreshwa ranchini. Wa Waorma waliugua nagana mara chache zaidi, na damu yao haikupungua upesi. Kwa hiyo mkienda kununua, ulizeni dume amekulia wapi. Aliyelelewa kwenye baridi ya milimani si sawa na aliyezoea joto na mbung'o.

Sasa kazi ya kikundi. Dume mmoja mzima anatosha majike ishirini mpaka thelathini. Ndama wa kwanza atakuwa nusu Borani. Mtamba wake akipandwa na Borani mwingine, anayezaliwa ana robo tatu. Nasema mwingine! Dume asipande binti zake. Baada ya miaka kama mitatu, badilishaneni na kikundi cha Jora au Bungule, lakini daktari wa mifugo apime damu kwanza, maana ugonjwa wa kutupa mimba husafiri na dume.

Halafu wale madume wadogo wadogo wanaozurura, wahasiwe mapema. Wakiachwa, wao ndio watakaopanda ng'ombe wenu, na dume mliyemlipia atabaki kutazama. Maksai hutulia, hunenepa vizuri, na nyama yake ni laini akiuzwa angali kijana. Mkingoja mpaka azeeke, au kiangazi kimkondeshe, mnauza mifupa. Na siku ya kumpeleka sokoni msimpige fimbo. Kila fimbo huacha damu iliyovilia ndani ya nyama, na mwenye bucha huikata na kuitupa.

Lakini dume hatafanya kazi ya josho, wala ya nyasi. Kama hamna pesa ya dawa ya kupe na ya nagana, msinunue bado. Wekeni kwanza akiba ya dawa, halafu ndipo dume.

Kabla hamjatoa shilingi, kaeni mkubaliane: atalala kwa nani, nani atamwogesha, na akifa hasara ni ya nani. Andikeni kwenye kitabu cha kikundi, kila mtu atie sahihi. Wale akina mama na mimi hatukuandika lolote.

Sasa maswali, na akina mama waanze.