Dhamana Baada ya Hukumu na Jalada Lisilopigwa Chapa

(Ifuatayo ni sehemu kubwa ya mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali huko Pujini, Pemba.)



Kabla ya kuletwa hapa nilipitishwa kwenye magofu ya Mkama Ndume. Mwenyeji wangu, ambaye ni mwalimu wa historia, alinionyesha mabaki ya boma na kile kisima, akanisimulia yale ambayo ninyi mmeyasikia tangu utotoni: kwamba mtawala yule wa karne ya 15 aliwalazimisha watu wake wabebe mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Wataalamu wa mambo ya kale wana maneno yao juu ya masimulizi hayo, nami siyaingilii. Lakini katika yote niliyosimuliwa sikusikia kwamba mtu aliyehukumiwa na Mkama Ndume alikuwa na mahali pengine pa kulipeleka shauri lake. Neno la mtawala lilikuwa la mwanzo na la mwisho.

Sisi leo tunayo rufani. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaja wazi kuwa ni haki, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inaitambua. Nimeombwa niseme juu ya kipande kimoja tu cha haki hiyo, ambacho najua kimezua maneno mengi mitaani: je, mtu aliyekwisha kutiwa hatiani kwa ulanguzi wa dawa za kulevya, akakata rufani, aachiwe kwa dhamana akingojea rufani yake, au angojee ndani?

Mimi si mwanasheria. Shahada yangu ya Mlimani ni ya mambo ya siasa, na sheria nimejifunza kwenye benchi la waandishi wa habari mahakamani, ambako mtu husikia mengi asiyoyatafuta. Huko ndiko nilikokutana na mama mmoja, mwenyeji wa kisiwa hiki aliyeolewa katika mji mmoja wa pwani ya Bara. Kijana wake alishtakiwa kwa kukutwa na dawa za kulevya, kiasi kidogo, si ulanguzi. Muda wote wa kesi alikuwa nje, mama akiwa mdhamini kwa hati ya nyumba yake. Siku ya hukumu kijana alipewa miaka mitatu. Akakata rufani, akaomba dhamana, akanyimwa. Mama akanikuta ukumbini, hati yake imo katika mfuko wa plastiki, akaniambia: "Mwanangu, wewe umesoma. Kosa ni lile lile, mtoto ni yule yule, na nyumba yangu haijahama. Jana walimwamini, leo hawamwamini. Kilichobadilika nini?"

Nilimjibu ovyo siku ile. Leo nataka kumjibu vizuri.

Kilichobadilika ni kwamba kabla ya hukumu sheria humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia. Mzigo wote u juu ya Serikali. Baada ya hukumu dhana hiyo imeondoka. Mahakama yenye mamlaka imesikiliza mashahidi, imesema huyu ni mkosaji, na hukumu hiyo hubaki kuwa sahihi mpaka mahakama ya juu itamke vinginevyo. Kwa hiyo anayeomba dhamana baada ya hukumu haombi kitu kile kile alichoomba mwanzo, hata kama jina lake ni moja. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, itumikayo Bara, inairuhusu mahakama kumwachia mrufani kwa dhamana, ila kwa sababu za maana ambazo hakimu au jaji sharti aziandike. Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai, iliyotungwa upya mwaka 2018. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: rufani ikishindwa, siku zile mrufani alizokuwa nje hazihesabiwi. Hurudi kuzitumikia zote.

Sababu za maana ni zipi? Majaji wa Afrika Mashariki wamelipima swali hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1972, katika shauri la Somo dhidi ya Jamhuri, Mahakama Kuu ya Kenya ilieleza kwamba sababu iliyo kubwa kupita zote ni rufani yenyewe kuwa na nguvu ya wazi ya kushinda, kwani hapo hakuna haja ya kumnyima mtu uhuru wake. Mahakama ya Rufani ya Kenya ikalirudia wazo hilo mwaka 1986 katika shauri la Jivraj Shah, ikitaka pawepo na hali isiyo ya kawaida. Tabia njema peke yake haitoshi. Shida za watoto nyumbani, ambazo ndizo hutajwa kwanza na kila mwombaji, kwa kawaida hazitoshi pia, na hapa sheria huonekana kuwa na moyo mgumu. Lakini ni mfungwa gani asiye na mtu anayemlilia?

Uganda walikwenda hatua nyingine. Mwaka 2003, katika shauri la Arvind Patel, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitaja mambo ya kuangaliwa, na mojawapo ni uwezekano wa rufani yenyewe kuchelewa sana kusikilizwa. Nawaomba mlishike neno hilo la kuchelewa, maana nitalirudia.

Sasa tuje kwenye dawa za kulevya, ambako mlango huo mwembamba unakuwa mwembamba zaidi. Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa visiwani madhara ya heroini. Iliingia hapa miaka ya 1980, na kila mtaa una kijana wake. Njia yake ni bahari hii hii ya Hindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi nje ya pwani ya Kenya. Mwenye mali ya namna hiyo hatishwi na dhamana ya nyumba. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014, wakawa nje kwa dhamana wakati shauri la kuwapeleka Marekani likivutana hadi Januari 2017 walipopelekwa. Na mwaka 2018, mbele ya mahakama ya New York, walikiri makosa yao, pamoja na kutoa hongo. Hiyo ilikuwa dhamana ya kabla ya hukumu, najua, lakini inaonyesha kwa nini wabunge wetu wamekaza kamba. Sheria ya Bara ya 2015, baada ya kurekebishwa mwaka 2017, ilizuia dhamana kabisa kwa aliyeshtakiwa kusafirisha gramu 20 au zaidi za heroini au kokeini, au kilo 20 au zaidi za bangi au mirungi. Adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Mtu aliyekwisha kuhukumiwa miaka 30, ukimpa mlango na bahari iko jirani, ana sababu gani ya kurudi?

Kwa hiyo naungana na wanaosema dhamana isitolewe kama njugu. Lakini siungani na wanaotaka mlango uzibwe kabisa, na mfano wangu nautoa India.

India ilitunga sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 1985. Mwaka 1989 ikaongeza kifungu 32A, kilichosema kwamba adhabu itolewayo chini ya sheria hiyo, isipokuwa kwa kosa la utumiaji, isisimamishwe, isipunguzwe wala isibadilishwe. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya India ilikubali kwamba hata mahakama ya rufani imefungwa mikono na kifungu hicho. Lakini tarehe 12 Oktoba 2000 mahakama hiyo hiyo ilikibatilisha pale kilipoinyang'anya mahakama uwezo wa kusimamisha adhabu. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba Bunge haliwezi kumpa mtu haki ya kukata rufani kwa mkono huu, kisha kwa mkono wa pili likaiacha mahakama isiweze kumsaidia hata pale rufani inapokawia miaka. Majaji hawakuwafungulia walanguzi milango. Walibakiza masharti ya kifungu 37: mwendesha mashtaka asikilizwe, na mahakama iwe na sababu za kuamini kwamba mwombaji hana hatia na kwamba hatatenda kosa tena akiwa nje. Masharti hayo ni magumu kweli kweli. Lakini anayeyapima ni jaji, akiwa na jalada mbele yake.

Na kwa nini jaji awe na nafasi hiyo? Kwa sababu hukumu za dawa za kulevya hutenguka, na mara nyingi hutenguka kwa karatasi. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa uamuzi unaotajwa mno, ulioeleza kwamba kielelezo kiwe na kumbukumbu za mfululizo: nani alikikamata, nani alikihifadhi, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani alikirudisha. Baadaye mahakama ililegeza kidogo kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kwa urahisi. Unga mweupe si kitu cha namna hiyo. Kete kumi zikiandikwa kituoni, na kwa Mkemia zikahesabiwa kumi na mbili, hakuna jaji atakayelala usingizi juu ya hukumu hiyo. Mtaani watu husema jaji amenunuliwa. Mara nyingi aliyeiangusha kesi ni askari aliyeona uvivu kuandika.

Nilisema nitarudi kwenye kuchelewa. Bara, mtu aliyehukumiwa na mahakama ya chini hutakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, na kuleta hati ya rufani ndani ya siku 45. Kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni ndani ya siku 30. Mfungwa hukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza. (Hapa Zanzibar gereza ni Chuo cha Mafunzo na wafungwa huitwa wanafunzi, walimu msicheke, mzigo huo si wenu.) Lakini rufani haisikilizwi bila mwenendo wa shauri, yaani yale yote ambayo hakimu kwa miaka mingi ameyaandika kwa mkono wake, kupigwa chapa, kusomwa tena, kuthibitishwa na kupelekwa juu. Siku zinazopotea kwa kungojea nakala hizo hatozwi mrufani katika kuhesabu muda wake. Hata hivyo anazikaa.

Kwa mwenye miaka 30, miaka miwili ya kungojea ni miaka miwili. Kwa mwenye miaka mitatu ni karibu kifungo kizima, na hapo rufani inakuja kusomwa kama hitima. Ndiyo maana nasema ucheleweshaji peke yake uwe sababu ya kutosha ya dhamana kwa vifungo vifupi. Na kwa vifungo virefu vya ulanguzi, tusimwachie mtu nje, bali rufani yake iwekwe mbele ya nyingine. Lakini hapo haombwi Bunge wala jaji. Anaombwa karani, na mkuu wa karani, na anayepanga fungu la fedha za wino na mashine.

Nililiulizia jalada la yule kijana mara mbili. Mara ya kwanza karani, mtu mwungwana kabisa, alinionyesha rafu iliyojaa hadi darini na mashine moja iliyokuwa nzima. Mara ya pili aliniambia liko kwa hakimu kwa kusomwa, na hakimu amehamishwa. Rufani ilipofika mbele ya jaji ilichukua asubuhi moja. Hesabu za kete katika karatasi mbili hazikulingana, na upande wa Serikali wenyewe haukuitetea hukumu. Kijana aliachiwa huru, akiwa amebakiwa na mwezi mmoja na siku chache za kifungo chake.

Mama yake alikuwapo, na ule mfuko wa plastiki alikuwa nao. Akaniuliza kama hati ya nyumba bado inahitajika mahali popote. Nikamwambia haihitajiki.

Ndugu Mwenyekiti, naona jua limepinda na wapo wanaokwenda mbali. Nayangojea maswali.