Bomba ni moja
Hakuna anayechimbia mtaa mmoja mabomba ya kampuni mbili zinazoshindana. Ndiyo maana mteja wa maji hana duka la pili la kukimbilia. Dar es Salaam inalijua hilo tangu 2003, kampuni binafsi ya City Water ilipokabidhiwa huduma ya maji kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali ikauvunja. EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji iliyoundwa kwa sheria ya 2001, ilianza kazi 2006, mkataba umeshakufa. Mdhibiti alichelewa, na kuchelewa huko kuliumiza. Sasa yupo, na huitisha mikutano ya wazi kabla ya kupanga bei. Ukumbi usiachiwe wanasheria na wahandisi. Mama anayenunua maji kwa ndoo, ambaye bomba halijamfikia, naye apewe kipaza sauti. Bei ya ndoo ile anaijua kuliko sisi sote.