Lundo na Neno "Rudi Kwenu"



Misukosuko ya siasa huandikwa vitabuni kwa majina ya wakuu na majeshi, lakini uchungu wake huwapata watu majumbani mwao. Nchini China, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976, jamaa nyingi zilitawanywa: mzazi alipelekwa kufanya kazi mashambani, na mtoto akapelekwa mkoa mwingine. Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa tunao mfano wetu karibu zaidi, nao ni Lundo.

Tarehe 25 Septemba, 1964, FRELIMO ilianza vita vya ukombozi dhidi ya Wareno. Wakoloni hao walijibu kwa kuwaswaga wanavijiji na kuwakusanya mahali pamoja chini ya ulinzi, ili wapigania uhuru wakose chakula na habari. Maelfu ya watu walikimbilia Tanzania. Serikali yetu, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa na shirika la Kikristo la TCRS, ikafungua makazi ya Rutamba, Matekwe, Mputa, Muhukuru na Lundo.

Katika makazi hayo mkimbizi hakukusudiwa kuishi kwa posho daima. Alipewa ardhi ili alime na ajilishe mwenyewe. Siasa hiyo ilikuwa ya busara, kwani mtu anayekula jasho lake humtazama jirani yake bila haya. Tena Wanyasa wako pande zote mbili za mpaka, na mpaka wenyewe ulitokana na mapatano ya Wajerumani na Wareno ya mwaka 1886. Babu zetu hawakuulizwa.

Msumbiji ilipojitawala tarehe 25 Juni, 1975, swali gumu liliingia katika kila nyumba. Baba alikumbuka kiwanja cha wazee wake. Mtoto aliyezaliwa huku hakukijua. Wengi walirudi, na baadaye wakakutwa na vita vya RENAMO, ambavyo havikwisha hadi Oktoba 1992. Wengine walibaki wakawa wenzetu.

Ndugu zangu, niseme wazi. Panapotokea ugomvi wa shamba, kumwambia mwenzako "rudi kwenu" ni dhuluma. Aliyezaliwa hapa na kuwazika wazazi wake hapa, arudi wapi? Huko Kenya, Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walikaa miaka mingi bila vitambulisho. Ilibidi mwaka 2016 watembee kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, ndipo wakasikilizwa.

Sisi tusingoje watu watembee. Wazee wa baraza waamue shauri la shamba kwa kuuliza nani alilifyeka na nani amelilima, na vijana wafundishwe historia ya Lundo wangali wapo wa kuwasimulia. Tuliwapokea majirani zetu wakati wa vita. Itakuwa aibu kuwakana wakati wa amani.