Safari ya Kurudi

 

Neno letu la leo liko katika Injili ya Luka, sura ya 10, tangu mstari wa 25. Ni ile habari ya Msamaria mwema, ambayo wengi wetu twaijua tangu shule ya Jumapili. Lakini tukumbuke kwamba ni habari ya barabara. Kutoka Yerusalemu hata Yeriko ni mwendo wa kilomita 27 hivi, na njia yashuka zaidi ya mita 1,000 kati ya majabali. Nasi hapa Kenya tunayo barabara inayofanana nayo: ile itokayo upande wa Limuru, ikateremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mai Mahiu.

Mnakumbuka yaliyotokea huko tarehe 29 Aprili mwaka 2024. Mvua ilikuwa imenyesha kwa majuma mengi. Maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa maana njia ya maji iliyo chini yake ilizibwa na matope na miti. Kabla hakujapambazuka maji yakapenya kwa nguvu, yakashuka na mawe na magogo juu ya nyumba za watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Waliosalia walisimama asubuhi wakitazama matope mahali palipokuwa mlango.

Basi, mwezi wa Mei parishi yetu ilikodi lori. Tulipakia mablanketi, mahindi, maharagwe na masufuria, tukafunga kipaza sauti juu. Kila tulipofika penye watu wengi tulisimama, tukawaeleza habari za wenzetu wasio na pa kulala. Mama mmoja auzaye viazi kando ya njia alitupa debe zima. Kule juu wanakouza ngozi za kondoo kwa wasafiri, kijana mmoja alileta ngozi mbili, akasema, “Huko chini usiku kuna baridi. Mzee atalalia hizi.”

Mteremkoni tulisimama penye lile kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano, walipokuwa wakitengeneza barabara ile. Watu wale walikuwa mbali na kwao, wala hawakujua kama wataziona tena nyumba zao. Hata hivyo waliwajengea wasafiri mahali pa kuomba. Tuliomba hapo, tukashuka.

Kambini tulipokewa vizuri. Tuligawa vitu, tukaimba, tukapigwa picha. Nyanya mmoja alipokea blanketi, akalikunja magotini, akatuambia, “Asanteni, wanangu. Mungu awabariki. Wengi wamekuja hapa na malori. Nawangojea watakaokuja mara ya pili.”

Tukamjibu upesi, “Tutarudi, nyanya.”

Ndugu zangu, hatukurudi mwezi wa Juni, wala Julai. Palikuwa na harusi, na harambee ya paa la kanisa, na mikutano yetu mingi. Tulipofika mwezi wa Agosti, turubai lake halikuwapo. Majirani walisema amekwenda kwa jamaa, lakini hawakujua ni wapi. Tulisimama pale na mzigo mikononi, tukaona aibu.

Tukisoma habari ya Msamaria, twafurahi kwamba sisi si yule kuhani wala yule Mlawi, kwa sababu sisi tulisimama. Lakini tazameni Msamaria alivyofanya. Alifunga jeraha, akalipa nyumba ya wageni, kisha akaahidi kupita tena na kulipa litakalozidi. Aliihesabu safari ya kurudi kuwa sehemu ya huruma yake. Blanketi hutolewa kwa siku moja. Lakini mtu aliyepoteza nyumba hukosa nyumba kila siku, hata baada ya magazeti kunyamaza.

Tangu Agosti ile parishi yetu huwatuma watu wawili kila mwezi. Hawana lori wala kipaza sauti, hupanda matatu. Huuliza ni nani amepata chumba, ni mtoto yupi ameacha shule, ni nani anayehitaji dawa. Kisha Jumapili hutueleza, nasi hujua la kufanya.

Labda msikilizaji atasema, “Mai Mahiu ni mbali nami.” Lakini hesabu ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 katika nchi yetu wanaoishi mitaani. Mmoja wao hulala kwenye barabara upitayo wewe. Leo simama, muulize jina lake. Na kesho, ndugu yetu, upite tena.

Na tuombe. Ee Baba, twaungama kwamba tumeahidi tusitimize. Mtunze yule mama mzee popote alipo, na wote wasio na paa usiku huu. Utupe miguu ya kwenda, na utupe moyo wa kurudi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.